Kwa Nini Harufu ya Udi Hudumu?

Aliyejipaka mafuta ya udi asubuhi hunukia hadi usiku, ilhali harufu ya ganda la chungwa hutoweka upesi. Harufu hutufikia pale tu molekuli zinapogeuka mvuke na kuingia puani. Limonini ya chungwa ina atomi 10 za kaboni, nayo huvukizwa haraka na joto la ngozi. Yujinoli ya karafuu ina kaboni 10 vilevile, lakini oksijeni yake huzishikamanisha molekuli, nayo hukawia. Molekuli nyingi za udi zina kaboni 15 au zaidi. Hizo hukawia zaidi. Mwanafunzi aweza kulinganisha chungwa na karafuu kwa kudondosha mafuta yake karatasini na kunusa kila saa.

Udi wenyewe huzaliwa na jeraha. Mti wa Akwilaria wa Asia, ukiwa mzima, mbao zake ni nyeupe na karibu hazinukii. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa utomvu mweusi. Kwa kuwa utomvu hufichika ndani, wakataji wameangusha hata miti isiyo nao. Tangu mwaka 2005 biashara ya kimataifa ya spishi zote za Akwilaria husimamiwa na Mkataba wa CITES. Na siku hizi miti hupandwa mashambani, ikajeruhiwa kwa makusudi, ili msitu usalimike.