Mita 15 Mbele ya Shule

Mtoto akichomoka ghafla mita 15 mbele ya gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, dereva aliye makini, mwenye breki nzima kwenye lami kavu, atasimama kabla ya kumfikia. Kwa kilomita 50 hawezi. Katika ile sekunde moja ya kuona, kushtuka na kukanyaga breki, gari limeshakwenda karibu mita 14. Linapoanza kupunguza mwendo, mtoto yuko mbele ya boneti. Na dereva huyo hajavunja sheria: kilomita 50 ndicho kikomo cha maeneo ya makazi Tanzania.

Nguvu ya kishindo nayo haipandi sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa miaka mingi wataalamu wamelinganisha kumbukumbu za ajali kabla na baada ya mwendo kubadilishwa katika nchi mbalimbali, wakaona kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali za vifo hupanda kwa takriban asilimia 4.

Dar es Salaam nako njia za kupunguza ajali hizo zimepimwa. Watafiti walichukua shule za msingi zenye barabara hatari na kuzigawa makundi mawili. Kundi moja liliwekewa matuta, vivuko, vibao na njia za waenda kwa miguu, na watoto wakafundishwa kuvuka. Jingine likaachwa lilivyo kwa ajili ya kulinganisha. Kisha wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ameumia. Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana, maana mtoto aliyegongwa na bodaboda mara nyingi hafiki kwenye daftari la polisi. Hununuliwa dawa, wazazi wakasikilizana na dereva, yakaisha. Baada ya mwaka, majeraha kwenye shule zilizoboreshwa yalipungua kwa takriban robo.

Huo ni utafiti wa jiji moja, na robo si yote. Lakini kwa gharama ya zege, rangi na vibao, ni watoto wengi.

Faida ya barabara salama haiishii getini. Mama anayeogopa barabara humpandisha mwanawe bodaboda, na chombo kingine kinaongezeka mbele ya shule. Mwanafunzi aliyekataliwa na konda kwa sababu ya nauli yake ndogo hana njia ila kutembea. Hata abiria wa basi la mwendokasi huanza safari kwa miguu, na akishindwa kufika kituoni salama, basi hilo halimfai kitu.

Lakini tuta si dawa ya kila mahali. Lisilo na rangi wala kibao huangusha pikipiki usiku. Lililo kali mno humtesa mjamzito na mgonjwa aliye ndani ya gari la hospitali. Njia ya miguu nayo hugeuka maegesho upesi isipozuiwa kwa nguzo, na wachuuzi watapanga meza juu yake wasipotengewa nafasi yao tangu mwanzo.

Wakati mzuri wa kudai haya katika mkutano wa mtaa ni kabla lami haijamwagwa. Mashimo ya barabara ya vumbi hupunguza mwendo yenyewe. Lami ikikamilika, breki hiyo imeondolewa. Wazazi waombe kuoneshwa mchoro, waulize matuta yatakaa wapi na njia ya miguu ina upana gani.