Aliacha uhandisi, sasa ataka kusomea maendeleo

Mpwa wangu alirudi nyumbani Tanga akiwa na begi moja na godoro lililofungwa kamba. Haukuwa wakati wa likizo. Mwaka wa pili wa masomo yake ya uhandisi ulikuwa haujafika hata nusu. Baba yake, ambaye ni shemeji yangu, alikuwa ameuza sehemu ya shamba la minazi ili kufidia ada ambayo mkopo wa serikali haukuifikia. Alimtazama kijana, akachukua kofia yake, akaenda msikitini kuswali Alasiri. Kwa miezi mitano iliyofuata wawili hao walizungumza kwa kupitia kwa mama.

Nasimulia kisa hiki kwa ruhusa yao, maana nyumba nyingi za wasomaji wetu zimekwisha kulipokea godoro kama hilo, na wengi hulificha.

Mwanzoni tulidhani ni uvivu. Wengine tukawalaumu marafiki. Ukweli ulipotoka ulituelekea sisi wakubwa: kijana hakuwahi kuutaka uhandisi. Alipata alama nzuri za fizikia na hesabu katika kidato cha sita, nasi, mimi nikiwa mstari wa mbele, tukamwambia kuwa mwenye alama hizo hana kingine cha kusoma. Alianguka mitihani, akairudia, akaanza kukosa usingizi, akaona haya kutueleza. Mama yake ndiye aliyempeleka hospitali kwanza, kabla ya mazungumzo yoyote ya chuo, na katika mambo yote tuliyoyafanya naliona hilo ndilo lililokuwa sahihi zaidi.

Alikaa nyumbani mwaka mmoja na nusu, akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Siku moja kamati ya msikiti ilimwomba aende katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza kuangalia kisima kilichochimbwa kwa msaada. Pampu ya mkono ilikuwa imesimama mwezi wa saba tangu sherehe ya ufunguzi. Kwa jicho la mhandisi nusu aliona mara moja kuwa ni mpira wa ndani uliolika, kitu cha bei ndogo. Lakini alikaa kule siku tatu akiuliza maswali mengine. Nani alipaswa kuununua? Fedha zilikuwa kwa nani? Kwa nini kamati ya maji ilikuwa na wanaume watupu, na hali wachotaji ni wanawake? Alirudi na daftari limejaa.

Baada ya hapo akatangaza kwamba anataka kurudi chuo kusomea maendeleo ya kimataifa. Baba yake alivunja kimya chake kwa swali moja: “Maendeleo ya nani?”

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyokusudia, kwa kuwa wanataaluma wa fani hiyo nao wamebishania hilo kwa miongo mingi. Fani yenyewe ilipata nguvu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa tangu Januari 1949, Rais Truman wa Marekani alipotangaza mpango wa kuzisaidia kwa utaalamu nchi alizoziona ziko nyuma. Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika ubishi huo. Walter Rodney alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotoa, mwaka 1972, kitabu chake kilichodai kwamba Afrika haikukuta umaskini njiani kwa bahati mbaya, bali ilidumazwa na Ulaya. Na aliyebadili kipimo cha maendeleo ni Mwislamu wa Pakistani, mchumi Mahbub ul Haq. Ripoti aliyoianzisha katika Umoja wa Mataifa mwaka 1990 ilikataa kuipima nchi kwa kipato peke yake, ikaweka pamoja nacho umri wa kuishi na elimu ya watu wake.

Shemeji alisikiliza, kisha akauliza lile ambalo kila mzazi huuliza: ataajiriwa na nani? Hapa sikutaka kumpamba kijana. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na ajira nyingi zilizolitegemea zikapotea, hapa kwetu pia. Anayechagua fani hii leo kwa kutamani magari meupe ya mashirika na posho za semina amechelewa. Zimebaki halmashauri zenye maafisa maendeleo ya jamii, taasisi za dini, vyama vya ushirika na mashirika ya ndani, ambako mishahara ni ya kawaida na kazi ni nyingi.

Nikampa mfano wa Fazle Hasan Abed wa Bangladesh. Huyu naye aliacha masomo: alikwenda Glasgow mwaka 1954 kusomea usanifu wa meli, akauacha, akahamia London na kuwa mhasibu. Baada ya kimbunga cha 1970 na vita vya 1971, aliuza nyumba yake ya London na kuanzisha BRAC mwaka 1972, shirika ambalo tangu 2006 limo hata Tanzania. (Mikopo yake yenye riba ina maneno yake, nami siitetei.) Kinachonivutia ni kazi yake ya miaka ya 1980. Wafanyakazi wanawake walikwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya chumvi, sukari na maji kwa ajili ya mtoto anayeharisha, hadi kaya zaidi ya milioni 12 zikafikiwa. Malipo ya mwalimu yalitegemea kile mama alichokumbuka baadaye, alipotembelewa na mkaguzi. Wazo la namna hiyo ni la mhasibu. Uhasibu ndio uliomfanya Abed aulize kama kilicholipiwa kimepatikana.

Kwa hiyo sharti letu kwa kijana lilikuwa moja: asiende kusoma “maendeleo” kama hewa. Shahada hii ni pana, inagusa siasa, uchumi, jinsia, mazingira na historia, na mwanafunzi anaweza kuipita miaka mitatu akatoka na maneno makubwa tu. Nabii Yusuf (A.S.) alipoomba kukabidhiwa hazina za Misri alijitaja kwa uaminifu na kwa ujuzi. Uaminifu tuliuona kwake. Ujuzi je? Tukakubaliana kuwa atachagua takwimu na usimamizi wa fedha za miradi kila atakapopewa nafasi ya kuchagua, na kwamba maji vijijini yatakuwa uwanja wake. Fizikia yake haikupotea.

Kabla ya kujaza fomu alisoma mitaala. Jina halitoshi: Taaluma za Maendeleo pale Dar es Salaam, mipango ya maendeleo vijijini pale Dodoma na maendeleo ya jamii pale Tengeru ni njia tofauti, hata kama mhitimu wake anaitwa kwa jina linalofanana mtaani. Alikwenda pia chuo chake cha zamani kuchukua matokeo na barua ya kuacha masomo, jambo aliloliogopa kuliko mtihani. Na deni la mkopo wa kwanza lilimngoja palepale. Tulilipanga kabla ya kuomba jingine. Tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikitukwaza kwa ajili ya riba iliondolewa mwaka 2021, lakini tulimwendea sheikh wetu na masharti yote yaliyoandikwa mkononi. Tuliuliza pia habari za Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, ambayo tangu 1983 huwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake, kwa mkopo usio na riba. Vipaumbele vyake vya miaka mingi ni udaktari, uhandisi na mfano wake. Kijana alicheka kwa uchungu kidogo.

Istikhara aliswali mwenyewe. Baba yake aliswali ya kwake, ingawa hakusema.

Sasa yuko mwaka wa pili, palepale alipoangukia mara ya kwanza, na sitadai kwamba hatuna hofu. Likizo iliyopita baba yake alimpakia kwenye pikipiki hadi kile kijiji cha Muheza. Kamati ya maji ina mweka hazina mwanamke, na kila kaya huchanga kidogo kila mwezi. Pampu ilikuwa inatoa maji. Jioni shemeji alipita kwangu, akanywa kahawa kimya kimya, halafu akaniuliza kama takwimu ni ngumu kuliko fizikia. Nikamwambia amuulize mwanawe.