AI INASAHAU KAZI YAKO KILA SIKU? IANDIKIE WARAKA!

Tuongelee jambo linalowakera vijana wengi wanaojifunza kuandika programu, iwe pale Chuo cha Ufundi Arusha, Uhasibu Njiro au Nelson Mandela kule Tengeru. Umekaa kafe saa nzima unamweleza msaidizi wa AI mradi wako mwanzo mwisho, mkaelewana vizuri tu. Kesho unarudi, unamwambia "tuendelee", naye anauliza mradi gani! Hapo mtu anaanza kulalamika kwamba AI hii ni mbovu.

Si mbovu jamani, ndivyo ilivyotengenezwa. AI ilifundishwa kwa maandishi mengi, mafunzo yakafungwa. Ukiongea nayo leo haijifunzi papo hapo. Kila mazungumzo mapya ni kama meza tupu, na inachojua kuhusu mradi wako ni kile tu ulichoweka juu ya meza.

Kwa hiyo hiyo "kumbukumbu" mnayoisikia, kwa sehemu kubwa ni faili la maandishi ya kawaida. Linakaa ndani ya folda ya mradi, na msaidizi analisoma kabla hamjaanza kazi. Claude Code, iliyotoka mwaka 2025, inasoma faili liitwalo CLAUDE.md. Codex na wenzake wanasoma AGENTS.md. Copilot ya GitHub inasoma copilot-instructions.md ndani ya folda ya .github. Majina tofauti, kazi moja.

Sasa tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme unatengeneza programu ya kampuni inayopandisha wageni Mlima Meru. Waraka wako unaweza kuwa hivi:

- Programu hii inapokea nafasi za kupanda Meru (mita 4,566). Safari ni siku 3 au 4.
- Lango ni Momella. Vituo vya kulala ni Miriakamba, halafu Saddle.
- Kila kundi lazima liende na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Safari isithibitishwe kama nafasi ya askari haijajazwa.
- Saa zinazoandikwa na wafanyakazi ni za Kiswahili. Saa 2 asubuhi ihifadhiwe 08:00.
- Tarehe zinaanza na siku, kisha mwezi.
- Usiguse jedwali la malipo bila kuniuliza.

Umeona? Hakuna mstari unaofundisha AI namna ya kuandika programu, hiyo inajua. Unaiambia yale ambayo ninyi wa huku ndio mnayajua. Ukiiacha ikisie, inaweza kukuletea mambo ya Kilimanjaro, maana huo ndio mlima ulioandikwa zaidi. Inaweza kupitiwa kwamba Meru kuna nyati na tembo njiani, ndiyo maana askari anatangulia na kundi. Ikisoma "saa 2" inaweza kuweka 02:00, na gari la kwenda Momella likaitwa usiku wa manane wageni wakiwa wamelala.

Kosa la kwanza wanalofanya wengi ni kumwaga kila kitu: ripoti ya mradi kurasa 80, barua, vikao, kila kitu ndani. Meza ina ukubwa wake. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford na wenzao walionyesha kwamba modeli hizi hutumia vizuri zaidi habari iliyo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu, na za katikati hupotea kirahisi. Halafu maandishi yanahesabiwa kwa vipande, na Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza. Anayelipia kwa vipande atalia! Kurasa moja au mbili zinatosha. Mengine yaweke kwenye mafaili yake, kwenye waraka uandike tu yalipo.

La pili ni waraka uliochacha. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni za kuzuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, zikiwa na misamaha yake. Kama waraka wako bado unasema "bei zote kwa dola", AI itatii bila kuuliza. Sheria ikibadilika, siku hiyo hiyo badilisha na mstari.

La tatu ndilo zito. Faili lile halibaki kwenye kompyuta yako tu. Msaidizi akilisoma, kwa kawaida linasafiri hadi kwenye seva za kampuni, nyingi zikiwa nje ya nchi. Basi usiweke humo neno la siri, namba za NIDA, pasipoti za wageni wala simu za wapagazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inagusa hadi taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Ukitaka mfano, tunga mteja wa uongo.

Mkumbuke pia kwamba waraka ni maelekezo, si kufuli. AI inaweza kuusoma na bado ikapitiwa. Lile sharti la askari lijaribu mwenyewe: ingiza safari isiyo na askari uone kama programu inakataa. Isipokataa, usiikabidhi kwa mwenye kampuni. Mlimani nyati hajui kama kosa ni lako au la AI.

Kwa ninyi wa kafe, faida nyingine ni hii: waraka uko ndani ya folda, kwa hiyo unatembea nao kwenye flashi hadi mashine yoyote. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako na ufute folda pale ulipokaa.

Haya, kazi kwenu. Wewe ungeandika mstari gani wa kwanza kwenye waraka wa mradi wako? Tupia hapo chini tujifunze wote.