Kabla ya jezi, mpeni mtoto uji

JUMAMOSI moja jioni, mama mmoja aliingia katika kliniki yangu akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 11. Kijana huyo alikuwa ameanguka uwanjani wakati wa mazoezi ya kandanda, na wenzake wakambeba hadi nyumbani. Alivaa jezi mpya ya kijani, nambari 10 mgongoni.

"Daktari, hii ni malaria?" mama aliniuliza.

Haikuwa malaria. Nilipomwuliza mtoto alikuwa amekula nini siku hiyo, aliinamisha kichwa. Mamake ndiye aliyejibu: kikombe cha chai ya rangi, tena cha asubuhi. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Vipimo vilionyesha upungufu wa damu, na katika choo chake tukapata mayai ya minyoo ya safura. Minyoo hiyo hupenya ngozi kutoka kwenye udongo mchafu kisha hunyonya damu tumboni. Mtoto huyu alikuwa akicheza miguu mitupu.

Jezi yake ilitokana na harambee. Wakazi wa mtaa walichanga ili watoto wasishinde wakizurura vichochoroni, na hakuna aliyefuja hata senti. Pesa zilinunua jezi, mipira na kikombe cha kushindaniwa. Wenyeji walitenda wema, lakini walimvika mtoto kabla ya kumlisha.

Simvunji moyo yeyote anayechanga, kwani mchezo ni kinga ya maradhi. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Angalau siku tatu kwa wiki, yawepo mazoezi mazito ya kukimbia na kuruka. Mazoezi hukomaza mifupa, huimarisha moyo, huleta usingizi mzuri na hupunguza huzuni. Densi nayo ni mazoezi. Anayedhani ni mchezo wa kupitisha wakati na acheze isukuti kwa dakika 20 aone atakavyotweta!

Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na kifungu cha 31 kinampa kila mtoto haki ya kucheza. Lakini mtoto wa mtaa wa mabanda atachezea wapi, na kwa pesa za nani? Mara nyingi jibu hutoka kwa wananchi wenyewe. Kule Mathare, chama cha MYSA kilianzishwa mwaka wa 1987 kikaunganisha kandanda na usafi: timu iliyozoa taka mtaani ilipata pointi katika ligi. Kibera nako, watoto wamefunzwa densi ya baleti ndani ya madarasa ya shule, madawati yakiwa yamesukumwa kando.

Je, kamati ya mtaa ianze na nini? Huu ndio mpangilio ninaowashauri.

Kwanza ni chakula. Mtoto mwenye njaa akikimbizwa juani huona kizunguzungu na huumia upesi. Mpeni uji wa wimbi wenye maziwa au njugu zilizosagwa saa moja hivi kabla ya mazoezi. Baadaye, githeri, ndengu au omena na sukuma wiki humrudishia nguvu na damu. Chungwa huusaidia mwili kutumia madini ya chuma yaliyomo katika chakula hicho, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo huyapunguza.

Pili ni miguu na tumbo. Raba za bei nafuu zina faida kuliko jezi. Dawa za minyoo zimekuwa zikitolewa shuleni chini ya mpango wa serikali, kwa hivyo ulizeni shuleni au katika zahanati kabla ya kutumia pesa za mchango.

Tatu ni maji safi, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kila mtoto awe na kikombe chake.

Nne ni sanduku la huduma ya kwanza pamoja na mtu mzima aliyefunzwa kulitumia. Mtoto akitegua kifundo cha mguu, apumzike, akandwe kwa maji baridi, afungwe bendeji na ainue mguu. Akigongwa kichwa kisha akaona kizunguzungu, akatapika au akachanganyikiwa, asirudi uwanjani siku hiyo. Apelekwe hospitalini, na akiba ya nauli iwepo tayari.

Tano ni wasichana. Wengi huacha michezo wanapovunja ungo kwa kukosa sodo na mahali pa faragha pa kubadilishia nguo. Sheria ya mwaka wa 2017 inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, lakini mazoezi ya Jumamosi hayafanyiki shuleni. Tengeni fungu lao, na mama mmoja anayeaminika awe karibu.

Tena, kamati iwe na daftari la afya. Waulizeni wazazi ni mtoto yupi ana pumu au selimundu. Hao nao wacheze, ila daktari awashauri kwanza, mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani, na mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara na apumzike anapochoka. Daftari hilo ni siri. Msibandike picha ya mtoto mgonjwa ili kuwalainisha wafadhili mioyo.

Haya yote hayahitaji mgeni wa heshima mwenye bahasha nene. Watu 40 wakitoa Sh50 kila wiki, hupatikana Sh2,000, yaani Sh8,000 kwa wiki nne. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, hata aliyehamia mtaa mwingine anaweza kutuma mchango wake. Hesabu zisomwe hadharani kila mwezi, na sufuria ya uji haitakauka.

Kijana yule nilimpa dawa ya minyoo na tembe za kuongeza damu, na nikamzuia kucheza kwa muda. Alilia. Miezi mitatu baadaye viganja vyake vilikuwa vimerudia rangi, nikamruhusu. Mamake aliniambia kuwa kamati ilikuwa imenunua sufuria, na wazazi wanapokezana kupika.

Ukiletewa karatasi ya mchango wiki hii, toa ulicho nacho. Lakini kabla ya kuandika jina lako, muulize aliyeileta: watoto hawa watakula nini kabla ya kucheza?