Seli ya damu na chanzo cha selimundu

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Ni ndogo mno hata hazionekani bila hadubini. Katika toleo hili tuitazame seli kwa ndani, maana humo limo jibu la swali linalosumbua familia nyingi: kwa nini mtoto huyu anaugua selimundu, na ndugu zake ni wazima?

Seli huzungukwa na utando, ambao huchagua kinachoingia na kinachotoka. Ndani yake mna ute. Katika ute huo zimo mitokondria, zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, na ribosomu, zinazotengeneza protini. Kimo pia kiini, kinachotunza maagizo ya mwili katika kromosomu 46: 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama.

Seli nyekundu ya damu huanzia katika uboho wa mifupa. Ikiwa changa ina kiini, na kwa kufuata maagizo yake hujijaza hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni. Ikikomaa hukitoa kiini hicho nje. Huwa laini na ya duara, ikapenya hata mishipa myembamba kabisa kwa siku zipatazo 120.

Kwa mgonjwa wa selimundu, agizo la kutengeneza hemoglobini lina kosa dogo. Oksijeni ikipungua, hemoglobini hushikamana na seli hupinda kama mundu. Seli hizo huziba mishipa, ndipo huja maumivu makali. Tena hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndipo damu hupungua.

Ili mtoto augue, hurithi kosa kwa wazazi wote wawili. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, wala hajui kuwa analo. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Basi si uchawi wala laana, na mama asilaumiwe peke yake.

Tunawashauri wachumba wapime damu kabla ya ndoa. Wenye mtoto mgonjwa wamnyweshe maji ya kutosha, wamkinge na baridi na malaria, na wasikose kliniki. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.