Mashine ya Kamari Haina Kumbukumbu

Mkulima wa Njukini aliyeuza mikungu yake ya ndizi katika soko la Taveta, akarejea na sarafu mfukoni, kisha akavutiwa na taa za kile chombo ambacho watu wa Kenya wamekizoea kwa jina la mashine ya Kichina, aghalabu hukikabili akiwa na dhana moja thabiti: kwamba mashine iliyokula tangu asubuhi sasa imeshiba, haina budi kutapika.

Dhana hiyo ni batili. Mashine aliyoiunda Charles Fey huko San Francisco mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na magurudumu matatu ya picha, yakizungushwa kwa mtambo wa chuma. Za leo zina kompyuta ndogo ichaguayo nambari kwa nasibu, wala haiikumbuki iliyotangulia, hata matokeo huwa yamekwisha kukatwa mara kitufe kibonyezwapo, na picha zinazokimbia baadaye ni pambo tu. Hiyo ni mashine ya halali. Isiyo na leseni, hakuna aliyeikagua.

Tuchukue mashine irudishayo, kwa wastani, shilingi 90 katika kila 100. Atiaye sarafu ya shilingi 20 kila sekunde 6 huwa amechezea shilingi 12,000 kwa saa moja, na hasara yake kwa wastani ni 1,200, ijapokuwa, kwa kuzirudisha zile alizopata, haoni jinsi zilivyomtoka.

Kwa nini basi haondoki? Mtaalamu B. F. Skinner wa Marekani alionyesha kwamba njiwa apataye punje kwa nasibu, asijue ni mdono wa ngapi utakaomlipa, huendelea kudonoa kwa muda mrefu hata punje zinapokoma. Fauka ya hayo, uchunguzi uliotolewa na wataalamu wa Cambridge mwaka 2009 ulidhihirisha kwamba picha mbili zikilingana, na ya tatu ikasimama hatua moja kando, sehemu za ubongo zipokeazo ushindi huamka, ilhali mtu amekosa sawasawa na aliyekosa zote. Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wa kamari katika orodha yake ya maradhi, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022.

Atakaye kucheza na atenge kiasi ambacho kikipotea hakitapunguza unga wala karo, simu yenye pesa aiache nyumbani, na kikiisha atoke, kwani kuifukuzia hasara ndiko kunakofilisi. Na aliyejaribu kuacha akashindwa, jamaa zake wasimtukane. Wamfikishe kwa tabibu mapema, kabla shamba halijauzwa.