Kocha wa Watupiaji: Kazi, Cheo na Jina

Kazi ngeni inapoingia katika lugha, aghalabu jina lake hutangulia na maana yake hufuata nyuma. Mfasiri anayetakiwa kuikamilisha habari kabla ya jua kutua hufungua kamusi, hufasiri neno kwa neno, na jina huanza kusafiri kabla halijapimwa. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza kazi moja ya namna hiyo, nayo ni ya mtu anayewafundisha watupaji wa mpira katika besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani.

Huenda msomaji akauliza mchezo huo unatuhusu nini. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya ligi ya watoto huko Marekani. Nchini Tanzania nako mchezo huu umefundishwa katika baadhi ya shule kwa msaada wa Wajapani. Mwalimu wa michezo, ofisa wa utamaduni na mfasiri watahitaji maneno, na ni heri tuyatafute mapema kuliko kila mmoja abuni la kwake.

Katika besiboli, timu iliyo katika zamu ya kulinda huwa na wachezaji tisa uwanjani. Mmoja wao husimama juu ya kilima kidogo chenye kimo cha sentimita 25 hivi, akauelekeza mpira kwa mpinzani anayeungoja na gongo mkononi, mita 18.44 mbele yake. Umbali huo haujabadilika tangu mwaka 1893. Wachezaji wote tisa hutupa mpira wakati mmoja au mwingine, lakini ni huyu wa kilimani tu ambaye kazi yake ni kumtupia mpigaji. Kiingereza hutumia vitenzi viwili tofauti kwa matendo hayo mawili. Mfasiri akimwita mchezaji huyu “mtupaji” au “mrushaji” tu, hatamtenga na wenzake wanane. Tena atamchanganya na mwanariadha wa mkuki, tufe na kisahani.

Hapa sarufi yetu wenyewe yatupa njia. Tunatupa takataka, lakini tunamtupia mbwa mfupa. Kauli ya kutendea humleta yule anayelengwa, na katika mchezo huu ndiye anayeleta tofauti yote. Kwa hiyo twapendekeza “mtupiaji”. Ni neno lililojengwa kwa kanuni ambayo kila msemaji anayo tayari, wala halihitaji maelezo marefu.

Jina la anayemfundisha lina ugumu wa namna nyingine. Mashabiki wetu wa kandanda humwita mfundishaji wa timu “mwalimu”, na neno hilo lina heshima yake. Lakini mtu huyu anafanya kazi chuo kikuu, mahali ambapo “mwalimu” ataeleweka kuwa ni mhadhiri. “Mkufunzi” nalo limekwisha kukaliwa, kwani katika utumishi wa Tanzania ni mwalimu wa chuo cha ualimu au cha ufundi. Neno “kocha” lilikwisha kuingia siku nyingi kwa njia ya mpira wa miguu, nalo halina shughuli nyingine. Neno la kukopa lisidharauliwe pale ambapo neno la asili lina kazi yake tayari. Basi tuseme “kocha wa watupiaji”. Tusiseme “kocha wa kutupia”, kwani anaowashughulikia ni watu, si tendo tu.

Tuitazame sasa kazi yenyewe. Kocha huyu hufundisha namna ya kuushika mpira, mwendo wa miguu, kiwiliwili na mkono, na mzunguko unaoufanya mpira upinde njiani. Huwapangia watupiaji zamu na siku za mapumziko, huhesabu mipira waliyotupa, na katika timu nyingi za vyuo vikuu ndiye huchagua aina ya mpira wa kutupwa na kupeleka ishara. Aidha, huzunguka katika shule za sekondari kutafuta vijana wenye vipawa. Juu ya yote, amekabidhiwa mikono ya vijana ambao huenda wakaitegemea kwa riziki yao.

Ulinzi huo unatuletea tatizo la istilahi lisilo la mchezo peke yake. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua kiwiko mtupiaji Tommy John wa timu ya Los Angeles Dodgers. Kitu kilichokatika kilikuwa kile kinachounga mfupa na mfupa. Alichokichukua daktari mahali pengine ili kuziba pengo ni kile kinachounga msuli na mfupa. John alirudi uwanjani mwaka 1976 akacheza hadi 1989, na upasuaji huo umeitwa kwa jina lake. Katika Kiswahili vitu vyote viwili huitwa “kano”. Mfasiri akiandika kwamba kano iliondolewa ikawekwa kano, msomaji hataelewa kilichotendeka, na mwalimu wa michezo anayesoma ushauri wa daktari anaweza kupotoka. Twapendekeza “kano ya kiungo” kwa ile ya kwanza na “kano ya msuli” kwa ile ya pili.

Suala la cheo litaonekana vizuri zaidi kwa mfano wa mtu mmoja. Wes Johnson alianza kufundisha katika shule za sekondari za jimbo la Arkansas, kisha akapita katika vyuo kadhaa. Mwaka 2017 na 2018 alikuwa kocha wa watupiaji wa Chuo Kikuu cha Arkansas, ambacho mwaka 2018 kilifika fainali ya taifa kikashindwa na Oregon State. Novemba mwaka huo alichukuliwa moja kwa moja na timu ya kulipwa ya Minnesota Twins. Mwisho wa Juni 2022, msimu ukiwa katikati na timu hiyo ikiongoza kundi lake, aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Chuo hicho kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2023. Mwezi huo huo wa ubingwa, Juni, Johnson aliteuliwa kuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Georgia.

Mfasiri anayedhani kwamba chuo ni daraja la chini tu ataandika kwamba mwaka 2022 Johnson “alishushwa”. Ukweli ni kwamba aliondoka kwa hiari yake. “Alihamia” ndilo neno la haki. Kadhalika neno “chuo” peke yake halitoshi, kwani kwetu hujumuisha hata vyuo vya ufundi. Iandikwe “besiboli ya vyuo vikuu”. Tena tutenganishe cheo na kazi: hadi mwaka 2023 cheo cha Johnson vyuoni kilikuwa kocha msaidizi, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watupiaji. Mtumishi wa serikali anayefasiri barua au mkataba akichanganya mambo hayo mawili, atampa mtu madaraka asiyokuwa nayo au atamnyang'anya aliyo nayo.

Hatari hiyo ilionekana pia katika kanuni. Kwa miaka mingi kila timu ya daraja la kwanza la vyuo vikuu iliruhusiwa kuwa na “kocha wa kujitolea”, asiyelipwa mshahara na chuo kwa kazi hiyo. Julai 2023 cheo hicho kilifutwa, na nafasi ikawa ya kocha anayeweza kulipwa. Anayefasiri kwamba makocha wa kujitolea “walifukuzwa” atakuwa amegeuza habari njema kuwa msiba.

Mfano wa mwisho ni “straiki”. Ukilifasiri neno la Kiingereza kwa kamusi utapata “pigo”, lakini hesabu hiyo huandikwa hasa pale mpigaji anaposhindwa kuupiga mpira, au anapouacha mpira mzuri upite. Zikifika tatu, hutolewa. Mwaka 2023 Paul Skenes, mtupiaji aliyefundishwa na Johnson huko Louisiana, aliwatoa wapigaji 209 kwa njia hiyo. Tukiandika “mapigo 209”, msomaji atamdhani bingwa wa gongo! Hapa kukopa ni salama kuliko kufasiri.

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo:

Mtupiaji: mchezaji anayemtupia mpigaji mpira kutoka kilimani.
Kocha wa watupiaji: mfundishaji na mlinzi wa watupiaji wa timu.
Kocha msaidizi: cheo kilicho chini ya kocha mkuu, pasipo kutaja kazi.
Straiki: hesabu dhidi ya mpigaji, tatu humtoa.
Kano ya kiungo: kiunga mfupa na mfupa.
Kano ya msuli: kiunga msuli na mfupa.

Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kisha watuandikie. Neno ambalo halikutamkwa na mwanafunzi uwanjani bado halijawa istilahi.